Kilichopotea Tumboni mwa Mbung'o

Chakula cha mbung'o, dume kwa jike, ni damu. Damu ina protini na chuma tele, lakini vitamini za kundi B zilizomo ni haba mno kwa mdudu anayetegemea mlo huo, naye hawezi kujitengenezea. Anayemtengenezea ni bakteria. Kwenye ukuta wa utumbo wake, karibu na mwanzo wa utumbo wenyewe, kuna seli kubwa zilizojaa bakteria wa aina moja waitwao Wigglesworthia. Jina hilo walipewa mwaka 1995 kwa heshima ya Vincent Wigglesworth, mtaalamu wa wadudu wa Uingereza, aliyewaeleza mwaka 1929.

Mbung'o tumezoea kumtaja kwa ubaya wake tu: malale kwa watu, nagana kwa ng'ombe. Anastahili. Lakini anayetaka kuelewa jinsi viumbe wawili wanavyofikia mahali pa kutoweza kuishi mmoja bila mwenzake, sijui mfano mzuri kuliko huyu wa nyika zetu wenyewe.

Mbung'o wa maabara akilishwa damu iliyotiwa antibiotiki, bakteria wake hufa. Yeye hubaki hai, ila jike huwa tasa. Damu ikiongezewa virutubishi vyenye vitamini B, uzazi hurudi kwa kiasi tu. Na watoto wa majike waliosaidiwa hivyo, ambao wamekua tumboni bila bakteria hao, huwa na kinga dhaifu ukubwani. Vimelea vya malale, ambavyo kwa kawaida hushindwa kujikita ndani ya mbung'o walio wengi, kwao hupata njia kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo bakteria huyu halishi tu. Hata kinga ya mwili wa mbung'o haijengeki sawasawa bila yeye.

Siri ya uhusiano huu iko kwenye uzazi. Wadudu wengi hutaga mayai kwa mamia na kuyaacha. Mbung'o hubeba buu mmoja kwa mimba moja, humlisha kwa maziwa yanayotoka kwenye tezi zilizo ndani ya tumbo, kisha humzaa akiwa ameshakua, tayari kujichimbia udongoni. Maishani mwake hazai watoto wengi. Ndani ya maziwa hayo ndimo bakteria wanamopita kwenda kwa mtoto, na njia nyingine hawana. Wale wanaoingia kwa mtoto wa kiume hufa naye. Wanaoingia kwa mtoto wa kike ndio wenye kesho. Bakteria akimdhoofisha mama, anakata kizazi chake mwenyewe. Anayemsaidia azae, anajizalisha.

Hali hiyo imedumu kwa muda ambao makadirio yanauweka kati ya miaka milioni 50 na 80. Ushahidi wake unavutia: ukichora ukoo wa spishi za mbung'o, kisha kando yake ukachora ukoo wa bakteria wao, matawi yanalingana. Kila mbung'o walipogawanyika kuwa spishi mbili, bakteria waligawanyika nao.

Mwaka 2002 watafiti walisoma vinasaba vyote vya Wigglesworthia, wakakuta herufi zipatazo 700,000 na jeni zinazozidi 600 kidogo. E. coli, ndugu yake wa mbali anayeishi matumboni mwetu, ana herufi zaidi ya milioni 4.6 na jeni zaidi ya 4,000. Wigglesworthia amepoteza hata jeni iitwayo dnaA, ambayo bakteria wengine huitumia kuanzisha kunakili vinasaba vyao. Jeni za kutengeneza vitamini amebaki nazo kwa wingi.

Upotevu huo una sababu mbili, na ya pili husahaulika. Ya kwanza ni kutotumika. Anayeletewa unga kila siku hana haja ya kinu, na jeni isiyo na kazi ikiharibika, hakuna kinachoirekebisha. Ya pili ni uchache. Bakteria wanaomfikia kila mtoto ni sehemu ndogo ya waliomo kwa mama, hivyo kasoro inaweza kuenea kwa bahati tu, hata ikiwa na madhara. Bakteria wa udongoni au majini angeweza kupata jeni mpya kutoka kwa majirani. Aliyefungiwa ndani ya seli za mbung'o majirani hao hana.

Mwanzo wa safari hii nao tunaweza kuuona. Mbung'o wana bakteria mwingine, Sodalis, aliyeingia kwao karibuni kwa kipimo cha mageuko. Vinasaba vyake bado ni virefu, herufi zaidi ya milioni 4, lakini vimejaa mabaki ya jeni zilizoharibika. Mwaka 2012 watafiti walieleza ndugu wa bakteria huyu anayeweza kuishi nje ya mdudu. Alipatikana kwenye jeraha la mkono wa mtu nchini Marekani aliyechomwa na tawi la mti, na jeni ambazo kwa Sodalis wa mbung'o ni magofu, kwake bado ni nzima.

Ndugu mwingine tunaishi naye ghalani, ndani ya fukusi wa mchele. Fukusi kijana humtumia bakteria huyo kupata malighafi ya kukaza gamba lake. Gamba likishakauka, mdudu huwaangamiza bakteria walioko kwenye utumbo na kuutumia mwili wao, akibakiza wale wa kwenye ovari kwa ajili ya watoto. Hapa mwenye nguvu anajulikana.

Huko Unguja, ambako mbung'o walitokomezwa kwa kuachia madume waliofanywa tasa kwa mionzi, mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Wigglesworthia wa kisiwa kile walikwisha naye, kwa kuwa nje ya mbung'o hawakuwa na pa kukimbilia. Sisikitiki; ng'ombe wa Unguja walipona nagana.

Kwa bara, ambako mbung'o bado wapo, baadhi ya watafiti wanamtazama Sodalis. Huyu hukubali kukuzwa maabara, na wazo ni kumtia jeni ya kuzalisha kitu cha kuua vimelea vya malale, kisha kumrudisha ndani ya mbung'o, ambako mama atamrithisha mtoto kwa maziwa yale yale. Wigglesworthia, aliyeenea kwa kila mbung'o, angefaa zaidi kwa kazi hiyo, lakini hakuziki nje ya mwenyeji wake: jeni za kumwezesha kuishi huko hanazo tena.