Msiniulize tena dawa ya kupuliza kanisani

Ijumaa iliyopita mzee wa kanisa alinipigia simu jioni. Kuna habari za ugonjwa unaovuma, baraza la wazee limekaa, na swali lao ni lile lile: "Daktari, tupulize dawa gani ili Jumapili tukusanyike bila wasiwasi?" Tangu Machi 2020 nimeulizwa swali hili na wachungaji, makatekista, viongozi wa kwaya na watunza hazina. Nimelijibu kwa upole mpaka upole umepungua. Kwa magonjwa yanayosafiri kwa pumzi, Korona au mafua makali, hakuna dawa ya namna hiyo. Si kwamba ni ghali au haijafika nchini. Haipo.

Fikirini wenyewe. Kijana anapita na bomba Jumamosi jioni, analowesha mabenchi, kuta, mimbari, hata maua ya plastiki. Usiku kucha kanisa halina mtu, na ukuta haukohoi. Asubuhi waumini mia tatu wanaingia na mapafu yao. Mmoja ameambukizwa na hajijui. Anaimba tenzi nne, anaitikia sala, anaongea na jirani yake wakati wa matangazo. Kila sauti inatoa chembe ndogo mno za majimaji ambazo huelea hewani, na pale madirisha yalipofungwa huzidi kujazana. Jiki iliyokaukia kwenye benchi tangu jana itamfanya nini? Hata kama bomba liliua kila kilichokuwa kwenye mbao, kazi yake imekwisha muumini wa kwanza anapofungua kinywa.

Shirika la Afya Duniani lilishaandika Mei 2020 kwamba kupuliza dawa ndani ya majengo kwa ajili ya Korona hakushauriwi, na kwamba mtu asipuliziwe kwa hali yoyote ile. Mwaka mmoja baadaye, Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kilikadiria kwamba mtu akigusa mahali penye kirusi, uwezekano wa kuambukizwa kwa mguso huo kwa jumla ni chini ya 1 kati ya 10,000. Hata hivyo mabomba bado yananunuliwa kwa fedha za sadaka.

Wapo wanaonijibu, "Lakini kule Kagera walipuliza." Kagera mwaka 2023 ilikuwa Marburg, ugonjwa unaopita katika damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa. Mahali pale pale mgonjwa alipotapika, klorini ni silaha ya kweli mikononi mwa mtu aliyefundishwa na kuvaa kinga. Na kipindupindu kinakuja kwa maji na chakula: pale kazi ni kutibu maji na kunawa, kuta hazihusiki. Kila ugonjwa una njia yake. Anayetaka kuuzuia ajue kwanza unapita wapi.

Bomba lenyewe nalo lina madhara. Klorini inayopulizwa hewani inachoma macho na koo, na mwenye pumu inaweza kumbana kifua pale pale kwenye benchi. Mkiichanganya na dawa ya kusafishia choo yenye tindikali, mnatengeneza gesi ya sumu. Aprili 2020 pale kivuko cha Likoni, Mombasa, abiria walipitishwa katika kibanda cha kupuliziwa dawa kabla ya kupanda feri. Aliyekuwa na kirusi kooni alitoka upande wa pili nacho, nguo zikiwa zimelowa.

Lakini madhara yanayonikera zaidi yako kwenye akili za watu. Kanisa likinuka klorini, watu wanaamini kuwa hatari imeondoka. Barakoa inashuka kidevuni. Madirisha yanafungwa kwa sababu ya vumbi la barabarani. Ibada inadumu saa tatu. Kwaya mbili zinasimama bega kwa bega nyuma ya maiki moja. Bomba limewaruhusu kufanya kila kitu ambacho kirusi kinakitaka.

Tarehe 10 Machi 2020, kwaya moja ilifanya mazoezi ndani ya jengo la kanisa huko Mount Vernon, jimbo la Washington, Marekani. Haikuwa kwaya ya wazembe. Walitumia vitakasa mikono, hawakukumbatiana wala kushikana mikono. Walikuwa watu 61, mmoja wao akiwa na dalili kama za mafua ya kawaida. Wakaimba kwa saa mbili na nusu. Waliougua walihesabiwa 53, na wawili wakafa. Mikono yao ilikuwa safi. Hewa ndiyo waliyoishiriki.

Na hapa kwetu hatuhitaji mifano ya mbali. Machi 2021, Katibu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Padre Charles Kitima, alisema hadharani kwamba katika miezi miwili walikuwa wamepoteza mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60, waliokuwa wakisumbuliwa na shida ya kupumua. Nilizika watu mwaka ule. Sitaki kusikia tena habari za bomba.

Sasa, najua kinacholala chini ya swali la yule mzee. Hana mapenzi na klorini. Anaogopa kundi litatawanyika. Hofu hiyo naiheshimu, na ndiyo inayostahili jibu refu kuliko dawa. Kenya ilipofungua nyumba za ibada Julai 2020, masharti ya mwanzo yalikuwa watu wasiozidi 100, saa moja, bila watoto chini ya miaka 13 wala wazee zaidi ya miaka 58. Kwa mtaalamu wa afya masharti yale yalikuwa na mantiki. Kwa kanisa yalimaanisha kwamba bibi aliyefagia madhabahu miaka thelathini alibaki nyumbani peke yake. Makanisa mengi yalidhani yamemfikia kwa kurusha ibada mbashara mtandaoni. Bibi ana kitochi. Hana bando, na hata angekuwa nalo, kutazama kwaya kwenye kioo si sawa na kuulizwa na mtu, "Mama, umeamkaje, umekula?"

Chombo cha kazi hiyo tunacho siku zote. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha uchungaji tangu miaka ya 1970, na Walutheri nao wana jumuiya zao za mitaani. Zimejengwa kwa nyumba zinazojuana. Tatizo ni kwamba katika sharika nyingi jumuiya imekuwa mahali pa kukusanyia michango, na daftari lake lina majina ya waliolipa tu.

Basi fanyeni hivi. Fedha ya bomba inunue vocha. Andikeni upya daftari la kila jumuiya: nyumba zote, namba za simu, nani anaishi peke yake, nani anameza dawa kila siku, nani hana simu na jirani gani amwitie. Wapigaji kumi, kila mmoja nyumba sita, mara mbili kwa wiki: nyumba sitini zimefikiwa. Wapige, wasitume ujumbe uliosambazwa. Asiyepokea mara mbili, mtu aende, asimame uani, aongee naye mlangoni. Ibada itoke nje, chini ya mwembe au turubai lisilo na kuta. Isizidi saa moja. Zikibidi ibada tatu, ziwe tatu. Kwaya iwe watu wachache, wasimame wakitazama upande mmoja, au wapige ala bila kuimba. Anayekohoa abaki nyumbani bila kuonewa haya, na Komunyo apelekewe huko huko, mpelekaji akiwa amevaa barakoa. Ndani mkilazimika kuingia, fungueni kila dirisha na kila mlango. Wazee wapewe saa ya redio: Radio Maria au Sauti ya Injili zinafika pale intaneti isipofika, na jumuiya nzima ikisikiliza saa ile ile, baadaye simu zina la kuzungumza. Sadaka ipite kwa simu. Msibani wakae wachache uani, wengine wapokezane siku. Mabenchi futeni kwa maji na sabuni kama mlivyokuwa mkifanya siku zote, yatosha.

Yule mzee nimemtumia haya yote, na jina la mtu wa kumwanzia: mjane anayekaa nyuma ya soko, ambaye kwa maelezo ya mzee mwenyewe hajaonekana Jumapili mbili.