Wataalamu wa Tarakilishi Wasije Shuleni Kuhutubu Tu

Mwanafunzi anayejiunga na shule ya bweni hubeba sanduku la bati, na aghalabu sanduku hilo limetoka Kamukunji, jijini Nairobi, ambako mafundi wa jua kali hugonga mabati kutwa nzima. Mtoto akiandamana na mzazi wake kwenda kulinunua, ataona kwa macho yake jinsi bati linavyopimwa, likakatwa, likakunjwa na kutiwa bawaba. Akisimama pale nusu saa tu, atang'amua kwamba sanduku halikushuka kutoka mbinguni. Lina mtu aliyelitengeneza, na mtu huyo naye alifunzwa na mwingine.

Sasa tuitazame rununu iliyomo mkononi mwa mzazi huyo. Analipa bei ya sanduku kwa M-Pesa, ujumbe unaingia, fundi anaitikia kwa kichwa, na biashara imekwisha. Je, mtoto ameona nini? Hakuona fundi wala nyundo. Kwake yeye ujumbe ule ni kama mvua ya masika. Hunyesha tu, hakuna anayeulizwa umetoka wapi. Na ukweli ni kwamba hata sisi watu wazima tulichelewa kuuliza. Huduma hiyo ilipozinduliwa nchini mwaka 2007, programu yake ilikuwa imeandikwa na kampuni ya Cambridge, Uingereza, na mitambo iliyoiendesha ilikaa Ujerumani hadi mwaka 2015 ilipohamishiwa Kenya.

Nimeleta mfano huu kwa kuwa ndani yake mna kiini cha jambo ninalotaka kuwaeleza walimu na wanafunzi. Kazi za teknolojia hazionekani. Mtoto humwona mwalimu akifundisha, muuguzi akidunga sindano, dereva akiendesha matatu. Mwandishi wa programu huonekana ameinamia kioo, na nyumbani kwake wenyewe hudhani anacheza. Ikiwa hali ni hiyo kwa mtoto anayeishi naye, sembuse mtoto wa Garsen au Lodwar ambaye hajawahi kumwona mtu wa kazi hiyo?

Na watoto hawa tumekwisha kuwatwika uamuzi mzito. Wanafunzi walioingia Gredi ya 10 mwezi Januari 2026, wa kwanza chini ya mfumo mpya wa elimu, walitakiwa kuchagua mkondo wao wakiwa Gredi ya 9, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 14 au 15. Mkondo mmojawapo ni ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Ni wangapi miongoni mwao waliokuwa wamewahi kuketi na mhandisi wa mitandao, wakamwuliza siku yake hupita vipi? Kuchagua kazi usiyoiona ni kununua mbuzi aliye ndani ya gunia.

Hapa nitaingiliwa na mwalimu mkuu fulani aseme kwamba shule yake huwaalika wataalamu kila mwaka. Naam, huwaalika. Nami nimewahi kuhudhuria siku kama hiyo katika shule moja ya upili ambayo sitaitaja. Mgeni rasmi alitoka katika kampuni ya teknolojia jijini. Alichelewa saa mbili, na wanafunzi wakangoja juani. Alipofika alizungumza muda wa saa moja juu ya ndoto, bidii na nidhamu, mambo ambayo hata kasisi wa shule angaliweza kuyasema, tena kwa ufasaha zaidi.

Wakati wa maswali, msichana mmoja wa Kidato cha Tatu aliinuka. Alisema kwamba wanachama wa chama chao cha tarakilishi wametunga programu ya kuweka kumbukumbu za vitabu vinavyoazimwa katika maktaba. Inafanya kazi vizuri, akaeleza, lakini kila wanapoizima, husahau majina yote. Wafanye nini? Mgeni alitabasamu, akampongeza, akamwambia asikate tamaa. Ukumbi ukapiga makofi. Picha zikapigwa, chai ikanywewa, gari likaondoka. Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji huyu aliachwa na maradhi yake. Mwalimu wake aliniarifu baadaye kwamba muhula uliofuata msichana yule alikuwa amejitoa chamani.

Simlaumu sana yule bwana. Aliitwa kuhutubu, naye akahutubu. Kosa ni letu tuliodhani kwamba kumkutanisha mwanafunzi na mtaalamu ni kuwaweka katika ukumbi mmoja. Lugha yetu ina neno la kale la uhusiano unaohitajika hapa. Mwanagenzi ni yule anayejifunza kazi kwa fundi, na hajifunzi kwa kuhutubiwa. Hushika upande wa pili wa ubao, hutumwa msumari, hukosea, hukaripiwa, hurudia. Waunda majahazi wa Lamu wamerithishana ujuzi wao kwa njia hiyo, na sioni kwa nini uandishi wa programu, ambao ni ufundi kama ufundi mwingine, ufundishwe kwa hotuba.

Mpango ninaoupendekeza ni mdogo, na udogo wake ndio nguvu yake. Mtaalamu mmoja apewe wanafunzi wanne au watano, asipewe shule nzima. Wakutane saa moja kila baada ya majuma mawili kwa muda wa mwaka mzima. Kila mara mezani pawe na kazi, yaani programu iliyokwama au waya usiopitisha data. Ushauri kuhusu maisha utajitokeza wenyewe wakiwa kazini, tena utasikilizwa.

Wataalamu hao watapatikana wapi? Fikira zetu hukimbilia Nairobi, kwenye ofisi za Barabara ya Ngong na Westlands, kana kwamba teknolojia haijavuka mto Athi. Mimi naona tunawapita walio karibu. Kila kaunti ina hospitali yenye mtu anayetunza tarakilishi zake. Vituo vya Huduma, ambavyo vilianza kufunguliwa mwaka 2013, vina mafundi wao. Kuna vyama vya akiba na mikopo, na kuna vijana wanaotandaza nyaya za mtandao na kupanda milingoti ya simu. Kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita, akarudi kufanya kazi mjini kwao, atamfaa mwanafunzi kuliko mkurugenzi mwenye suti. Bado anakumbuka kulikomtatiza.

Jambo ambalo mipango mingi husahau ni mwalimu. Mtaalamu huletwa, mwalimu huambiwa apange viti. Si ajabu basi kwamba mgeni akiondoka hakuna anayeendeleza alichoanzisha. Nimezungumza na walimu kadhaa wa somo la tarakilishi, nao wakanong'ona wasichoweza kukisema katika mkutano wa wafanyakazi: wanahofu kuaibishwa mbele ya wanafunzi wao. Mwalimu aliyesomea somo hili miaka 20 iliyopita anajua fika kwamba mambo yamebadilika. Hofu hiyo haiondolewi kwa kumpuuza. Mtaalamu na aanze kwa kuketi na mwalimu peke yake, mara mbili au tatu, kabla ya kukutana na wanafunzi. Mwalimu ndiye ajuaye nani ana kipaji lakini hana sauti, nani anajua kusema lakini hajafanya lolote. Tena wanafunzi hawaruhusiwi rununu shuleni, kwa hiyo barua pepe zao zitapitia kwake, katika maabara ya shule. Mahali ambapo mtandao husuasua, hata karatasi iliyochapwa inatosha.

Utaratibu huo una faida nyingine ambayo wazazi wataithamini. Tunazungumzia watoto na watu wazima wasiojuana nao. Mazungumzo ya faragha yasiwepo, nambari za simu zisibadilishwe, idhini ya mzazi itolewe kwa maandishi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 na ile ya Kulinda Data ya mwaka 2019 zinatudai uangalifu huo, na mwandalizi anayeuona kuwa usumbufu asipewe watoto wa watu. Vilevile mtaalamu asiguse mradi wa mtihani wa taifa. Hapo msaada hugeuka kuwa udanganyifu.

Kuhusu wasichana, pana mfano wa nyumbani. AkiraChix ilianzishwa jijini Nairobi mwaka 2010 na wanawake waliokuwa wakifanya kazi katika fani hii, nayo huwafunza wasichana wanaotoka katika familia zisizojiweza. Msichana anapofunzwa na mwanamke anayeifanya kazi hiyo, swali la iwapo wanawake wanaiweza halipati hata nafasi ya kuulizwa.

Na likizo zikifika, wanafunzi wapelekwe kazini. Wasipelekwe kutembezwa katika korido zenye viyoyozi, la hasha! Wakae kitako siku nzima kando ya mtu anayetafuta hitilafu. Wamwone akikosea, akikuna kichwa, akimwuliza mwenzake, akifuta alichoandika asubuhi nzima. Nakisia hilo litawapa moyo kuliko sifa zote tunazowapa, maana wengi wao hudhani kukwama ni dalili ya upumbavu wao wenyewe.

Waajiri nao hawana budi kutoa saa hiyo moja kutoka katika muda wa kazi, wala wasimwachie mfanyakazi aitafute Jumamosi yake ya mapumziko. Anayejitolea kwa muda wake wa kupumzika huja mara tatu, kisha huchoka.

Mwalimu anayetaka kuanza muhula ujao asingoje waraka kutoka wizarani. Awaombe wanafunzi wa chama chake waandike swali moja lililowashinda, alipeleke kwa fundi wa tarakilishi wa hospitali iliyo karibu, na amwombe aje alijibu akiwa ameketi nao.

Ama swali la msichana yule, jibu lake lilikuwa la dakika kumi. Programu yao iliyaweka majina katika kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika programu inapozimwa. Ilihitaji mistari michache ya kuyaandika katika faili kabla ya kuifunga, na mingine ya kuyasoma tena ikifunguliwa.