Kabla ya kupanda Nzaui, soma pambizo za ramani

Anayepanda Chyulu hubeba maji yake kutoka chini. Mvua inayonyesha juu ya vilima hivyo hupenya kwenye miamba ya volkeno, ikaibukia mbali katika chemchemi kama za Mzima. Ramani nzuri ya karatasi humwonya mgeni mapema: atatafuta mstari wa buluu mgongoni mwa Chyulu, asiuone.

Kwa mtembeaji wa Makueni na Kitui, ramani inayofaa ni ya kipimo cha 1:50,000, chapa ya Survey of Kenya yenye makao Ruaraka, Nairobi. Sentimita moja ni mita 500, na kontua zikibanana ujue mbele kuna mteremko mkali. Ile ya 1:250,000 mwachie dereva. Sentimita yake moja ni kilomita mbili unusu, na makorongo ya Mbooni hayaonekani vizuri humo.

Ukishika ramani, anza na pambizo. Tazama mwaka. Kilima cha Nzaui hakijahama, lakini ramani iliyochapishwa zamani haina reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 kupitia Emali na Kibwezi, wala mipaka ya kaunti. Tazama pia kama kontua ni za mita au futi.

Kisha soma ufunguo. Mstari wa buluu uliokatika-katika ni mto wa msimu. Tiva ya Kitui wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Mvua za Novemba zikishika, njia uliyovukia asubuhi yaweza kufungwa jioni. Athi haikauki hivyo, basi usiipangie safari kama Tiva.

Wenye GPS waangalie jina Arc 1960, mfumo uliotumiwa kupima ramani hizo. Simu hutumia WGS84. Ukichanganya mifumo hiyo miwili utakosea kwa takriban mita 300, na kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Yatta umbali huo unatosha kukuweka juu ya genge huku ukidhani uko bondeni.

Jihadhari na fotokopi. Ikipunguzwa, maandishi 1:50,000 hayasemi kweli tena. Amini mstari wa kipimo uliochorwa chini, kwa kuwa hupungua pamoja na ramani.

Muulize mwenyeji kuhusu barabara, iulize ramani kuhusu milima. Ramani isiyotaja mwaka, kipimo wala mfumo wake, iache dukani.