Mjue Panya Anayeishi Nawe

Wazee wetu wana usemi kwamba panya huuma huku akipuliza. Anakula unyayo wa mtu aliyelala, naye mwenyewe hashtuki. Asubuhi ndipo anapoona damu kwenye shuka. Mwezi huu tumeona vema kuzungumza na familia za Kipatimu, Chumo, Kibata, Nandete na vijiji vingine vya Kilwa juu ya mnyama huyu, kwa sababu madhara yake makubwa zaidi hayaachi hata alama ya jino.

Mpendwa msomaji, huenda unakumbuka habari za mwezi Julai 2022. Katika wilaya ya Ruangwa, humu humu mkoani kwetu Lindi, watu walianza kufika kituo cha afya cha Mbekenyera wakiwa na homa, kichwa kuuma, uchovu mwingi na kutokwa damu puani. Hofu ilienea. Vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO-19 vilionyesha kwamba hawakuwa na magonjwa hayo. Baadaye Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni leptospirosisi, yaani homa ya mgunda. Watu 20 walikuwa wameugua na 3 kati yao walifariki. Kwa ndugu zetu Wayao, mgunda ni shamba. Ni homa inayomfuata mkulima kazini kwake, na wanyama wanaoieneza zaidi ni panya.

Ukimwuliza mtu, "Nyumbani kwako kuna panya wa namna gani?" atakujibu, "Panya ni panya tu." Hapo ndipo tunapokosea. Panya wako wa aina nyingi, na kila aina ina makao yake, chakula chake na tabia yake. Anayeweka mtego sakafuni kwa ajili ya panya aishiye darini atakesha bure. Ndiyo maana tunataka tujifunze kuwatambua kwa maumbile yao.

JE, NI PANYA KWELI?

Kwanza tazama meno. Wanyama wote wa jamii ya panya, pamoja na kindi, nungunungu na ndezi, wana meno mawili makubwa ya mbele juu na mawili chini. Meno hayo hayaachi kukua maisha yao yote, ndiyo maana hawaachi kutafuna: wasipotafuna yatawazidi urefu. Nyuma ya meno hayo kuna pengo, kisha magego.

Kirukanjia, yule mdogo mwenye pua ndefu iliyochongoka na harufu kali, si panya. Meno yake ni madogo mengi yenye ncha, kwa kuwa chakula chake ni wadudu. Mguu wake wa mbele una vidole 5 vilivyo wazi, ambapo panya ana 4 tu vinavyoonekana vizuri. Kirukanjia haharibu mahindi yako. Hata hivyo naye usimshike kwa mkono mtupu.

MAMBO MATANO YA KUTAZAMA

Ukimkuta panya amenaswa au amekufa, funika mkono wako kwa mfuko wa plastiki usiotoboka, kisha angalia haya:

1. Mkia. Je, ni mrefu kuliko kichwa na kiwiliwili vikiunganishwa, au ni mfupi? Una rangi moja au mbili?
2. Masikio. Ni makubwa na membamba, au madogo na manene?
3. Pua. Imechongoka au ni butu?
4. Manyoya. Ni laini au ni magumu? Mgongo una mistari? Tumbo lina rangi gani?
5. Chuchu, ikiwa ni jike. Zihesabu.

PANYA WA DARINI

Huyu ndiye anayekimbia juu ya boriti usiku. Mkia wake hauna manyoya mengi na ni mrefu kuliko mwili wake wote. Masikio yake ni makubwa, pua imechongoka, na uzito wake mara nyingi ni kati ya gramu 100 na 250. Rangi yake yaweza kuwa nyeusi au kahawia. Jike lina chuchu 10 hadi 12. Asili yake ni bara la Asia. Alikuja pwani yetu zamani sana pamoja na vyombo vya biashara ya Bahari ya Hindi. Hupanda vizuri, tena mnazi si kitu kwake. Kwa hiyo mtego wake uwekwe juu: kwenye boriti, juu ya ukuta, au njia anayopita kwenda kwenye uchaga.

PANYA WA MIJI NA BANDARI

Huyu ni mnene, pua butu, masikio madogo, na mkia wake ni mfupi kuliko mwili. Aliyekomaa aweza kufikia gramu 400 au zaidi. Hupenda mitaro, majalala na mabohari ya miji mikubwa yenye bandari. Vijijini vya milimani kama kwetu si rahisi kumwona. Tunamtaja kwa sababu watu wengi wakimwona panya wa darini aliyenenepa hudhani ndiye huyu. Pima mkia, utajua.

PANYA MDOGO

Wapo panya wadogo ambao hata wakizeeka hawafikii gramu 25, na wengine wa porini hawafikii gramu 10. Hapa kuna kosa la kawaida: watu humchanganya panya mdogo mzima na mtoto wa panya mkubwa. Tazama kichwa na miguu. Mtoto wa panya mkubwa ana kichwa kikubwa na nyayo kubwa kuliko mwili wake, kama mtoto aliyevaa viatu vya baba. Panya mdogo mzima ana kichwa na miguu inayolingana na mwili. Huyu hupita kwenye tundu linaloenea kalamu ya risasi, kwa hiyo usidharau tundu dogo la ghala lako.

PANYA SHAMBA

Huyu ndiye adui mkubwa wa mkulima wa Tanzania. Kwa macho ya haraka ni panya wa kawaida: manyoya laini ya kahawia, tumbo la kijivu, mkia unaokaribia kulingana na mwili, uzito wa gramu 40 hadi 80. Alama yake ni kwa jike. Ana chuchu nyingi mno, 16 hadi 24, zimepangwa safu mbili tangu kifuani hadi tumboni. Na Mwenyezi Mungu hakumpa bure: huzaa watoto 10 na zaidi kwa mara moja, na mimba yake ni ya wiki tatu na siku chache tu.

Ukipanda mahindi, huyu hufuata mstari na kufukua mbegu moja baada ya nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji, waligundua kwamba mvua za vuli zikiwa nyingi, panya hawa huanza kuzaa mapema na mwaka huo huongezeka mno. Basi ukiona vuli imenyesha kupita kawaida, jiandae. Baada ya mavuno, shamba likibaki tupu, hukaribia nyumba. Wakati huo ndipo shamba na nyumba huwa kitu kimoja kwake.

WENGINE WA PORINI

Ukiona panya mwenye mstari mmoja mweusi katikati ya mgongo, huyo ni wa majani marefu. Hutembea hata mchana. Mwenye macho makubwa, tumbo jeupe na miguu mirefu ya nyuma hukaa kwenye mashimo ya ardhi ya kichanga. Mwenye manyoya magumu mgongoni kama miiba midogo, ambaye ngozi yake huchanika upesi ukimkamata, hupenda mawe na mapango, na milima yetu ya Matumbi haina uhaba wa hayo. Fuko hana masikio yanayoonekana, macho yake ni kama punje, na meno yake hutokeza nje hata mdomo ukifungwa. Huyu hula mihogo yako kutoka chini. Ndezi ni mkubwa, manyoya makavu, mkia mfupi, hukaa kwenye matete na mabondeni.

PANYA BUKU

Huyu hufikia kilo moja na zaidi. Alama yake ni mkia: nusu ya kwanza ni nyeusi, nusu ya mwisho ni nyeupe. Ana vifuko ndani ya mashavu vya kubebea chakula. Kwetu kusini anajulikana pia jikoni, maana Lindi na Mtwara wapo wanaomwita samaki nchanga. Hatuko hapa kumcheka mtu kwa chakula chake. Tunasema hivi tu: anayemchuna asiwe na kidonda mkononi, anawe kwa sabuni, nyama iive kabisa, na kamwe asipikwe panya aliyeokotwa amekufa, kwani hujui kama ameuawa na ugonjwa au na sumu.

Tena tusimwone buku kuwa adui tu. Shirika la APOPO pale Morogoro huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania akapelekwa Kambodia. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu nchini Uingereza kwa kazi yake ya kugundua mabomu.

UGONJWA UNAVYOINGIA

Vijidudu vya homa ya mgunda hukaa katika figo za mnyama na kutoka na mkojo wake. Watafiti wa Sokoine wamevikuta kwa panya shamba, kwa panya buku, hata kwa kirukanjia. Panya mwenyewe haonekani mgonjwa. Mkojo ukiingia kwenye maji ya bondeni, kwenye tope la mpunga au kwenye chakula, vijidudu humwingia mtu kupitia kidonda, macho, pua au mdomo. Kwa hiyo kutambua aina ya panya kunakusaidia kujua mahali pa kumzuia, lakini mkojo wa kila panya uuone kuwa ni hatari.

Dalili huanza mara nyingi kati ya siku 5 na 14: homa ya ghafla, kichwa, maumivu ya misuli hasa ya ndama za miguu, macho mekundu. Ikizidi, macho huwa ya njano, mkojo hupungua, na damu yaweza kutoka. Wengi husema, "Ni malaria," wakanywa dawa nyumbani. Hapa ndipo maisha hupotea. Ukipimwa malaria na isionekane, nawe umekuwa ukifanya kazi kwenye maji au mahali penye panya, mwambie mganga hivyo bila kusubiri kuulizwa. Ugonjwa huu unatibika kwa dawa kama doksisaiklini na penisilini, na zikianza mapema hufaa zaidi.

TUFANYE NINI?

Anza kwa kutazama kinyesi. Kilicho kama punje ndogo ya mchele, chenye ncha, ni cha panya mdogo. Chenye urefu wa sentimeta moja hivi, chembamba na kilichopinda, ni cha panya wa darini. Usikifagie kikiwa kikavu, maana vumbi lake utalivuta. Kimwagie kwanza maji yenye klorini, subiri kidogo, kisha kifute na kunawa mikono.

Nafaka ihifadhiwe kwenye pipa lenye kifuniko. Ghala liwe juu ya nguzo, na kila nguzo ivishwe bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa. Matawi yanayogusa paa yakatwe. Majani yaliyozunguka nyumba yafyekwe. Maji ya kunywa yafunikwe na kuchemshwa. Shambani kwenye maji vaa viatu vya mpira ukiweza, na kidonda kifunikwe.

Kwa mtego, nazi iliyochomwa au karanga zilizopondwa ni chambo kizuri. Sumu tunaiogopa nyumbani penye watoto. Ukilazimika, usinunue ile isiyo na maelezo, na usiichanganye kamwe na chakula ambacho mtoto anaweza kukiokota. Mwacheni bundi pia. Watu humfukuza wakidhani ni wa wachawi, kumbe usiku kazi yake ni kukamata panya.

Aliyeumwa na panya aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kisha aende zahanati kuhusu kinga ya pepopunda.

Husemwa kwamba panya wengi hawachimbi shimo. Kwa binadamu jambo hili ni kinyume. Nyumba moja ikitega na jirani asitege, baada ya wiki chache panya wa jirani watahamia kwako. Mlizungumze katika jumuiya yenu, mchague siku moja, mtaa mzima ufyeke na kutega pamoja. Na kabla ya kumfukia panya wa kwanza atakayenaswa, waiteni watoto waje kutazama, bila kumshika: mkia wake, masikio yake, tumbo lake. Waulizeni, "Huyu ni yupi?" Wakiweza kujibu, watajua pia alikotoka, na pa kuweka mtego wa pili.