Watoto wakipenda filamu za wafalme, wasimulie ya Salme

Mzazi wa Kasulu au Kibondo, watoto wakitaka filamu ya Kihindi ya wafalme na mapenzi, kama Mughal-e-Azam ya mwaka 1960, itazameni pamoja. Ikiisha, wasimulie ya kwetu.

Salme, binti wa Seyyid Said wa Zanzibar, alijifunza kuandika kwa siri. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipanga kumpindua kaka yao, Sultani Majid. Salme ndiye aliyewaandikia barua. Njama ilishindwa. Baadaye Majid alipatana naye.

Mwaka 1866 Salme alitoroka akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Ruete. Aliporudi mwaka 1885, tayari mjane, Sultani alikuwa Barghash. Alikataa kumpokea.

Waulize watoto: kati ya kaka hao wawili, ndugu ni yupi?