Kwa Nini Dhoruba ya Ziwani Huja Usiku

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hufanya kazi usiku wa giza, kwa karabai au taa za jua. Na ni usiku huo huo dhoruba kali hutokea katikati ya ziwa. Wengine husema ni uchawi. Hapana, ni mambo ya hewa.

Kwanza tujue kwamba hewa ina uzito. Chumba chenye urefu wa mita 4, upana mita 3 na kimo mita 2 na nusu kina hewa ya zaidi ya kilo 30. Ni kama debe moja na nusu la maji! Hewa ikipata joto hutanuka, huwa nyepesi na kupanda juu kama moshi wa jikoni. Hewa ya baridi ni nzito, hukaa chini. Basi pale hewa nyepesi ilipopanda, hewa nzito ya jirani huja kujaza nafasi. Mwendo huo ndio upepo.

Mchana ardhi hupata moto upesi kuliko maji. Kanyaga mchanga wa ufukweni saa nane mchana, kisha tia mguu majini, utaona tofauti. Hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani. Huko Kericho, Kenya, upepo huo hupanda milima na kuleta radi na mvua ya mawe wakati wa alasiri.

Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa upesi, lakini maji hubaki na joto lake, mara nyingi nyuzi 24 au zaidi. Sasa upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, tena hautoki upande mmoja tu. Unatoka Mwanza, unatoka Bukoba, unatoka Kisumu na Uganda. Je, hewa yote hiyo ikikutana itakwenda wapi? Haiwezi kuingia majini. Inapanda juu, nayo imebeba mvuke mwingi wa ziwa. Huko juu ni baridi, basi mvuke unakuwa mawingu, na mawingu yanaleta mvua na radi.

Mvua yenyewe si hatari sana. Hatari ni upepo unaoitangulia. Mvua huipoza hewa iliyo ndani ya wingu, hewa hiyo inakuwa nzito na kuporomoka kama gunia lililodondoka kutoka darini. Ikifika majini hutawanyika kwa nguvu, mawimbi yanainuka, mtumbwi unapinduka. Na mvuvi aliyekaa karibu na karabai haoni wingu lililo gizani. Kwa hiyo boya livaliwe tangu mwanzo wa safari, si mawimbi yakishaanza. Kabla ya kutoka, sikiliza redioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ukiona umeme unakaribia, au upepo wa baridi unakupiga ghafla baada ya utulivu, usingoje kuvuta wavu wa mwisho. Dagaa watakuwapo kesho.

Dhoruba hiyo haiishii ziwani. Upepo mkuu wa sehemu zetu hutoka mashariki, nao huyasukuma mawingu kwenda magharibi. Ndiyo maana Bukoba mara nyingi hunyesha asubuhi. Kwa mwaka Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi, na Musoma, ng'ambo ya pili, hupata nusu yake au chini ya hapo. Mvua hiyo iliyowatisha wavuvi usiku ndiyo inayonywesha migomba ya Kagera.