Chanja za Viwavi, Mvinyo wa Zabibu Zilizonyauka

Katika maghala ya juu ya nyumba za wakulima wa Valpolicella, vilimani kaskazini mwa jiji la Verona, Italia, zipo chanja za matete ambazo kwa vizazi zilifanya kazi mbili zisizohusiana. Majira ya kuchipua zilibeba viwavi wa hariri, wakitafuna majani ya mforosadi usiku na mchana. Viwavi wakishajifunga vifukofuko na kuondolewa, chanja zilisafishwa zikangoja vuli, kisha zikatandazwa zabibu. Biashara ya hariri ilikufa katika karne ya 20. Zabibu zikabaki na chanja peke yao.

Mvinyo mwekundu unaotoka hapo ni Amarone, na kilichonikaa kichwani ni hesabu yake. Mkulima anavuna zabibu nzuri, zilizoiva barabara, halafu anaziacha zinyauke siku 100, pengine 120. Theluthi ya uzito wake, au zaidi, inapotelea hewani. Kwa kanuni za eneo lile, kilo 100 za zabibu mbichi hazitakiwi kutoa zaidi ya lita 40 za mvinyo. Nani anakubali hasara hiyo kwa hiari?

Mzee mmoja wa Negrar, huko huko Valpolicella, ambaye maisha yake yote yamepita katika kazi hii na hakupenda jina lake litajwe, hakuiita hasara. Alianza na mkono wa mvunaji. Kichala kinachofaa, alieleza, ni kilicholegea, punje hazikubanana, upepo upite katikati. Kilichoshikamana kitavunda kwa ndani kabla jicho halijaona. Zabibu aina ya Corvina ndiyo anayoitegemea kwa kuwa ngozi yake ni ngumu na huvumilia kungoja. Corvinone na Rondinella huandamana nayo. Vichala hulazwa tabaka moja tu, havipandani. Kisha kazi ni madirisha: upepo mkavu ukivuma yanafunguliwa yote, ukungu ukipanda kutoka bondeni yanafungwa, hata kama ni saa nane usiku. Kila mara anapita kati ya chanja, anainua kichala kimoja kimoja, anakinusa, anang'oa punje iliyoota ukungu. Nilimwangalia akifanya hivyo kwa vidole vinene vilivyopasuka, taratibu, bila kudondosha hata punje moja, nikaelewa kwa nini chupa ya mvinyo huu haiwezi kuwa rahisi.

Zabibu hazikamuliwi kabla ya tarehe 1 Desemba, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kufikia hapo sukari imekolea na baridi imeshika, hivyo hamira hufanya kazi polepole, wiki kadhaa. Zamani uchachukaji ulikoma ukiwa na sukari bado, ukatoka mvinyo mtamu uitwao Recioto. Cassiodorus, waziri wa wafalme wa Waostrogothi katika karne ya 6, alikwisha kuusifia mvinyo wa Verona uliotokana na zabibu zilizokaushwa. Amarone ni mtoto mkaidi wa Recioto. Inasimuliwa kwamba mwaka 1936, katika chama cha ushirika cha Negrar, msimamizi wa mapipa Adelino Lucchese alikuta pipa la Recioto lililosahauliwa, hamira imekula sukari yote. Mzee wangu anaamini mapipa ya namna hiyo yalikuwepo tangu zamani, ila hakuna aliyeona sababu ya kuyatangaza.

Mdomoni Amarone ni mzito. Cheri iliyokaushwa hutangulia, nyuma yake plamu, tumbaku, chokoleti nyeusi na mdalasini kidogo, kisha ukakasi unaobana ulimi bila kuuumiza. Kilevi huanzia asilimia 14, na mara nyingi hufika 15 au 16, kwa hiyo hautaki chakula chepesi. Wenyeji huunywa na nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa saa nyingi, na jibini lililokomaa la Monte Veronese, au na pastissada de caval, mchuzi wa nyama ya farasi ambao simulizi za Verona huuanzisha kwenye vita vya mwaka 489, Theodoric, mfalme wa Waostrogothi, alipomshinda Odoacer, mtawala wa Italia, na farasi wakalala wamekufa uwanjani. Wali wao, risotto, huupika kwa mvinyo wenyewe hadi uwe wa zambarau. Mzee anapenda zaidi kuunywa baada ya kula, bila chochote.

Siku hizi matete yamepungua. Maghala mengi yana masanduku ya plastiki, mapangaboi na mashine za kunyonya unyevu, kwa sababu vuli imekuwa na joto na ukungu hausamehi. Mzee naye anazo, ila huziwasha pale tu hewa inapokataa kabisa kutembea. Mwanawe angeziacha ziwake mfululizo, alale.

Nilimuuliza kama mnywaji anaweza kutofautisha mvinyo wa upepo na wa mashine. Alijibu kwamba yeye mwenyewe miaka mingine huweza, miaka mingine hawezi, na kwamba hilo ndilo linalomnyima raha: ikiwa hata yeye hana hakika, atamwambiaje kijana apande ngazi zile usiku wa baridi kwenda kufunga madirisha?